Somo, hivi ndivyo vitabu vya likizo yako

Dar es Salaam

Somo yangu,

Salamu nyingi za huku. Ujumbe wako nimeupata, nikacheka peke yangu. Julai nzima huendi kazini, jua la Stockholm halizami mpaka saa nne usiku, halafu unaniuliza usome nini! Wenzako tunasomea kwenye basi la mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika kitabu.

Umetaka riwaya za Kiswahili "zisizochosha", na najua neno hilo limetoka wapi. Sisi tulisomeshwa riwaya kwa kalamu nyekundu: taja dhamira, jadili nafasi ya mwanamke, toa hoja sita na mifano. Ukitoka kidato cha sita kitabu unakiona kama deni. Basi sharti langu moja tu: usitafute ujumbe. Mhusika akikukera, mtukane. Ukurasa ukikuchosha, ruka. Hakuna wa kusahihisha.

Anza na Bwana Msa, mpelelezi wa kubuniwa. Mwandishi wake, Mohammed Said Abdulla, alikuwa bwana afya Zanzibar kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, na nadhani kukagua nyumba za watu ndiko kulikompa lile jicho lisiloacha kitu: nani kajibu kabla hajaulizwa, nani kanyamaza pasipo na sababu. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kuna maiti, kuna mahali ambapo watu wanapaogopa, na kuna Bwana Msa na kiko chake, hana haraka, anavuta moshi wakati kila mtu anababaika. Watu humfananisha na Sherlock Holmes, na kweli kiko na yule sahibu yake Najum vinakumbusha. Ila Bwana Msa ana kazi ya ziada. Kumpata muuaji ni nusu tu ya shughuli. Nusu nyingine ni kuwatoa watu kwenye imani kwamba mzimu ndio ulioua. Hilo kwetu sisi tuliolelewa kwa kuogopeshwa mibuyu linachekesha na kuuma kidogo.

Ukinogewa, nenda Duniani Kuna Watu, ya 1973. Huko mambo ya nasaba yanapindana, uwe na karatasi pembeni uchore nani kazaliwa na nani. Kiswahili chenyewe ni kile cha bibi zetu, hakina papara. Usikisome kwa haraka, utakikosea adabu.

Cha pili utaguna, lakini nisikilize: rudia Vuta N'kuvute. Ndiyo, ileile ya mtihani. Adam Shafi hakuiandikia Baraza la Mitihani, ilitusibu tu kukutana nayo darasani. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mtu mzima wa kufaa kuwa baba yake. Anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, anaishia Ng'ambo, Zanzibar, kwa Mwajuma. Shuleni Mwajuma tuliambiwa ni mhuni, tukaandika hivyo, tukapewa maksi. Msome sasa, ukiwa na umri huu na kodi ya nyumba ya kulipa. Mwanamke maskini, mpenda ngoma na starehe, anampokea mtu aliyekataliwa na ndugu zake mwenyewe, na wala hamuulizi atakaa mpaka lini. Kwangu mimi kitabu ni cha Mwajuma. Denge, mpenzi wa Yasmin, na siasa zake za kumwondoa Mwingereza namheshimu, lakini wanaume wa aina ya Denge unawapenda huku umetega sikio kama polisi wanabisha hodi. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 itazame baadaye. Ukianza nayo, sura za watu zitakuwa zimeshachaguliwa na mwingine.

Halafu Peponi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021 sote tulijisifu kana kwamba tulimsaidia kuandika, na wengi wetu hatukuwa tumemsoma. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatutoa aibu kwa tafsiri yake ya Paradise. Yusuf, mtoto mdogo, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, naye anadhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Baadaye anaingia bara na msafara wa biashara. Mnyapara akifoka humo ndani, unamsikia kabisa. Hicho ndicho ningekishika mimi kama ningekuwa na jua la mpaka saa nne.

Siku Njema ya Ken Walibora ni ya siku moja au mbili. Nakupa kwa upendeleo tu, kwa kuwa inaanzia kwetu Tanga, mama mwimbaji wa taarabu, na kijana anayevuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, mbebe kwa ajili ya ndege. Kufa na Kupona inakwenda mbio kweli, ila jinsi wanawake wanavyochorwa humo, ah, tutaongea.

Rosa Mistika usiiweke kwenye mkoba wa ufukweni. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na ukiisoma utaona kilichowatisha wakubwa si mapenzi bali yule baba mkali na mlevi. Ni nzito, isubiri mvua. Na Nagona, ya huyohuyo, iache kabisa likizo hii. Ni nyembamba, itakudanganya kwa wembamba wake, halafu utanipigia simu usiku kunilaumu.

Jumamosi nitapita duka la vitabu la TPH pale barabara ya Samora nione vipi vipo. Cha Bwana Msa wasipokuwa nacho nitakuazima changu, ila nakijua kilivyo, kwa hiyo usikiandike pembeni. Mdogo wako, ambaye ndiye wa kukubebea, amesema anaondoka na begi moja tu na nusu yake ni dagaa na unga wa muhogo. Mwambie wewe apunguze unga, mimi hanisikii.

Wasalimie watoto.

Ni mimi, somo yako