Barua ya wazi kwa Mhifadhi Mkuu: tuambieni kabla hatujalipa

Ndugu Mhifadhi Mkuu,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, ukiwa ofisini, na simu ya mezani ikiwa imechomekwa.

YAH: KAMBI YA JUU KUKOSA MAJI, NA SISI KUKOSA TAARIFA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la hifadhi sitalitaja, kwa heshima yako. Wewe unaijua, na niliokuwa nao Jumamosi iliyopita wanaijua pia, hasa magotini. Kama kuna mhifadhi wa mlima mwingine atakayesoma hapa akajiona, basi barua imemfikia naye.

Naandika hadharani kwa sababu njia za chemba nimezimaliza. Simu inaita mpaka inakata. Barua pepe ilijibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa na unafanyiwa kazi, na nahisi mpaka leo mashine ndiyo inayoufanyia kazi. Nilipokuja mwenyewe ofisini niliambiwa anayehusika yuko fildi. Basi na sisi tulikwenda fildi, Ndugu Mhifadhi, hatukumwona huko.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tuna wauguzi, walimu, fundi cherehani, mama mwenye genge la mboga, dereva wa daladala. Mwaka huu tulikubaliana kwamba faida isiishie yote kwenye sare za kitenge, tutenge kidogo tukalale mlimani. Wengine walicheka, wakauliza Mswahili na hema wapi na wapi. Mimi ndiye niliyewashawishi, na maneno niliyotumia ni yenu wenyewe: kwamba hifadhi ni zetu, kwamba utalii si wa wageni peke yao, njooni muone. Mnayasema redioni, mnayasema Sabasaba, na wewe mwenyewe ulikuja kuyasema kwenye mkutano wa wadau pale kijijini, ukapigiwa makofi. Nilipiga na mimi.

Usije ukadhani tulikuja kichwa kichwa. Tuliikwepa masika ya Machi mpaka Mei, tukaacha na miezi ya vuli, tukangoja kiangazi. Hema tulikodi, tukazifungua uani kwangu kwanza kuhesabu vigingi. Kuni haziruhusiwi, nasi hatubishi, maana wote tuliiona Kilimanjaro ikiwaka Oktoba 2020. Tukabeba mitungi midogo ya gesi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo fundi wetu alishona vifuko vya kitambaa, kimoja cha mchele, kimoja cha maharage, kimoja cha sukari, kila kimoja kikiwa na kamba yake na jina kwa uzi mwekundu. Niliwaeleza wenzangu kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi sita hivi, na mtu aliyezoea nyuzi 30 za Dar asije na khanga moja. Walikuja na masweta. Mmoja alikuja na blanketi la hospitali, sikuuliza.

Malipo tuliyafanya Jumanne kwa kumbukumbu namba mliyotupa. Risiti ninayo. Tulifika getini Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Tumepita geti saa nane kasoro.

Kijana wenu wa getini, nimtendee haki, alikuwa na adabu. Alitupa benchi la kivulini, akanifuata mara kwa mara: "Mama, mtandao unasumbua, malipo yenu hayaonekani, vumilieni kidogo." Kwa nini hayakuonekana sijaambiwa rasmi. Nadhani mitambo ya benki na yenu haisalimiani. Mwingine pale alisema ni umeme. Mwingine, kwa kunong'ona, alisema mwenye nywila alikuwa harusini. Vyovyote ilivyokuwa, pesa iliyolipwa Jumanne ilionekana Jumamosi mchana, na mlima haukusogea kutungoja. Sheria yenu inasema hakuna kutembea gizani kwa sababu ya nyati. Ni sheria nzuri. Tuliivunja tukiwa na askari wenu mwenye bunduki, kwa sababu ya mtandao wenu.

Sasa njoo kwenye bango. Pale getini kuna bango kubwa la mbao, rangi ya kijani, maandishi meupe: KAMBI YA JUU, MAJI YAPO, CHOO KIPO. Nililipiga picha. Kwa kuliamini bango hilo hatukuchukua wapagazi wa ziada, maana kikundi chetu si tajiri, kila shilingi ilipigiwa kura.

Tulipofika juu giza limeshaingia. Nilifungua koki mimi mwenyewe. Ilikohoa, ikatoa upepo, halafu kutu, halafu basi. Dereva wetu alipanda juu ya tanki na tochi akatuambia chini kuna matope makavu yaliyopasuka na chupa moja tupu. Choo kipo kweli, bango halikudanganya hapo. Mlango ndio haupo.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Hesabu ya kawaida ya kambi, kunywa na kupika, ni lita nne kwa mtu kwa siku. Hiyo ni lita 44, na lita moja ya maji ni kilo moja, haipungui kwa kuombewa. Kijito kiko bondeni. Askari akasema hawezi kutuacha tushuke peke yetu, wala hawezi kuwaacha wanaobaki. Mwisho walishuka naye wanaume wanne na madumu, sisi tukabaki tumebanana kwenye hema mbili tukiimba kwa sauti ili nyati watusikie. Katika hao wanne alikuwemo mwalimu wetu mstaafu, mzee ninayemwamkia shikamoo kila nikikutana naye. Alikataa kubaki. Niliposikia wanarudi nilitoka kummulikia njia, mkono uliobeba dumu ulikuwa unatetemeka na bado ananiambia, "Usijali mwanangu, tumepata." Ndugu Mhifadhi, pale ndipo nilipoamua kuandika.

Wali ulilika saa sita usiku. Binti mmoja alikuwa ameshalala bila kula, kichwa kinamuuma. Asubuhi hatukwenda kileleni. Tulikunja hema tukashuka.

Naomba usinijibu kwamba mlimani maji ni shida. Hilo nalijua. Kambi ya Barafu kule Kilimanjaro haina maji hata tone, na kila anayepita njia ya Machame analijua hilo kabla hajavaa buti. Wapagazi wanachota bonde la Karanga na kupanda nayo. Ukitoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo, kule kule Kilimanjaro, ni hivyo hivyo, maji unayachukua njiani, Kibo hakuna. Watu wanapanda miaka nenda rudi na hakuna anayelalamika, kwa kuwa wanaambiwa mapema, wanajipanga, wanaongeza mpagazi, bei inajulikana tangu nyumbani. Kambi kavu inayojulikana kuwa kavu haina ubaya wowote. Ningeambiwa tu Jumatatu, "Katibu, tanki limekauka," ningepitisha mchango mwingine, tungechukua wapagazi wawili, mwalimu wetu angekaa kwenye kiti chake cha kukunja akitazama nyota. Au tungelala kambi ya chini na tungefurahi vile vile.

Sijui kwa nini tanki limekauka. Huenda tembo amepasua bomba huko porini, wana tabia hiyo. Huenda fungu lilikuja likaenda kwingine. Geti lenu jipya limepakwa rangi vizuri sana, na kiyoyozi cha ofisi ya tiketi nilikihisi kila mlango ulipofunguliwa. Nasema huenda. Lakini kwenye mkutano ule ulisimama ukasema kabla ya kiangazi tanki litakuwa limekarabatiwa, na kwamba hali ya kambi na njia itakuwa inatangazwa kila wiki. Ni maneno yako, yako kwenye kumbukumbu za mkutano, na aliyeziandika ni mimi, maana ukiwa katibu mahali pamoja watu wanakupa kalamu kila mahali. Kiangazi ndicho hiki.

Upande wangu, gharama haijaisha. Coaster tulilipa siku mbili. Hema moja imechanika na mwenyewe anadai. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mwanachama ameuliza kama faida nimekula na Mhifadhi, akaweka na kicheko, na waliocheka naye ni wengi. Mama wa genge alifunga biashara siku mbili kwa ajili ya safari hii. Hanisemi kitu, ila mchicha ananipimia kama mteja mgeni. Mume wangu aliniuliza swali moja tu, kama mlima tumeuona. Nikamwambia tumeuona, kwa tochi.

Nilikuwa nimeandika madai marefu. Nilitaka mturudishie viingilio. Nilitaka tanki, bomba, mlango wa choo, mtambo wa akiba pale getini ili aliyelipa apite kwa risiti yake, na nilitaka anayehusika atajwe, aitwe na ajieleze. Bado nayataka yote hayo, hasa mlango. Ila nimekaa serikalini muda wa kutosha, mimi ni muuguzi, najua ombi lenye vipengele vingi linaundiwa kamati.

Kwa hiyo naomba moja. Kila Ijumaa, mtu mmoja aandike mistari mitatu: kambi gani ina maji, njia gani imefungwa, choo kipi hakitumiki. Abandike getini na atume kwa kila aliyelipia wiki hiyo, maana namba zetu mnazo, mlizichukua wakati wa kulipa. Agosti 2022 serikali ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mimi siombi intaneti mlimani. Naomba ujumbe mfupi, wa simu ya kitochi, ufike kwangu kabla sijakodi gari. Askari wenu wanapita kwenye kambi hizo kila mara, wanajua koki inatoa nini. Wanachokijua wao mtuambie na sisi, mtuambie kabla hatujalipa.

Na bango lile, kama rangi ya kuandika upya imekosekana, lifuteni tu neno YAPO. Kitambaa na mafuta ya taa vinatosha, na fundi cherehani wetu amejitolea kitambaa.

Nasubiri majibu. Kikundi kinakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi na mimi ndiye ajenda.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi, hadi hapo wanachama watakapoamua vinginevyo