Mheshimiwa, nitoze kwa maji ninayommwagia jirani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Serikali ya Kaunti ya Nakuru.

KUH: ADA YA MAJI YA MVUA

Mheshimiwa,

Sijawahi kuandika barua ya kuomba kutozwa, na najua wenye ploti wenzangu wakiisoma watauliza kama nimerogwa.

Nina ploti ya futi 50 kwa 100 kwenye mteremko wa Menengai, upande wa mjini. Nilipoinunua ilikuwa na nyumba moja ya mabati, sukuma wiki na nyasi. Leo ina vyumba 12 vya kupangisha, na uwanja wote nimeutandika kabro, yaani matofali ya saruji, maana wapangaji hawataki matope na mimi nilichoka na malalamiko yao. Fundi alipomaliza nilisimama langoni nikaitazama kazi, nikajisifu.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo ilinyesha usiku. Asubuhi mama wa ploti ya chini yangu akabisha. Mkononi alikuwa na ndara moja ya mtoto, ya bluu, kamba imeng'oka. "Mzee, maji yako yalikuja na hii," akasema. Hakupandisha sauti. Nilimfuata hadi kwake. Maji yalikuwa yameingia mlango wa nyuma yakatokea wa mbele, yakaacha tope la rangi ya jivu kwenye miguu ya kitanda, na gunia lake la mahindi lilikuwa limelowa kuanzia chini hadi katikati. Ndara ilikuwa ya mtoto wa mpangaji wangu wa chumba cha tano.

"Maji yako." Neno hilo sijalisahau, kwa sababu ukipiga hesabu, kweli ni yangu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa zangu ni mita za mraba 230, kabro ni 200. Ikinyesha milimita 40, napokea lita 17,200. Zamani sehemu kubwa ingenywewa na udongo wetu huu wa majivu ya volkeno. Sasa karibu yote yanatoka langoni kwa wakati mmoja, yanabeba mchanga, yanachimba korongo kando ya barabara, halafu yanaingia kwa mtu ambaye hakunikosea lolote.

Na kaunti inanidai nini kwa hayo? Hakuna. Kodi ya ardhi kwa mtindo tuliouzoea nchini hupimwa kwa thamani ya kiwanja, bila kuangalia kilichojengwa juu yake. Kiwanja changu kikiwa shamba la sukuma au kikiwa kimefunikwa chote kwa saruji, bili ni ile ile. Jirani mwenye miti na majani hadi kwenye ua analipa sawa na mimi ninayemfurisha mwenzangu. Kituo cha mafuta chenye lami kutoka ukuta hadi ukuta kinapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Naomba ada inayofuata ukubwa wa sehemu iliyozibwa isinyonye maji, na mamlaka mnayo. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na Kifungu cha 209(4) kinaruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa. Kwa hiyo hatuhitaji kwenda Nairobi kuomba ruhusa.

Wenzetu wameshapita njia hii. Mji wa Bellevue, katika jimbo la Washington kule Marekani, ulianza ada ya aina hii mwaka 1974. Lakini mfano unaonigusa ni mji wa Philadelphia, huko huko Marekani. Pale ada ya maji ya mvua ilikuwa ikifuata ukubwa wa mita ya maji ya bomba, kwa hiyo uwanja wa kuegesha magari usio na bomba hata moja haukulipa kitu, ingawa ulimwaga mto mzima barabarani. Kuanzia 2010 wakabadilisha: wenye biashara wakaanza kupimiwa ukubwa wa kiwanja na sehemu iliyozibwa isinyonye maji. Anayeyazuia maji kwake anapunguziwa.

Jihadhari na jina tu. Jimbo la Maryland, huko huko Marekani, walipitisha sheria yao mwaka 2012, wapinzani wakaibatiza "kodi ya mvua", na kufikia 2015 ile lazima ya kutoza ilikuwa imeondolewa. Na sisi hapa, tangu maandamano ya Juni 2024, ukitamka "mswada wa fedha" watu wanatafuta viatu vya kukimbilia. Usiilete ada hii usiku, ndani ya kurasa za mwisho.

Sasa kuhusu punguzo, maana hapo ndipo Nakuru inatofautiana na miji mingine. Wataalamu watakwambia kila mtu achimbe shimo la kuzamisha maji ardhini. Hapa kwetu sivyo. Tumekaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa, na ardhi hii tumeiona ikipasuka na kudidimia mvua zikizidi. Kuyaelekeza maji ya paa zima kwenye shimo moja kando ya msingi wa nyumba ni kuchokoza. Pimeni udongo kwanza, ndipo mruhusu.

Tangi ndilo la kulipia punguzo. Maji ya visima vyetu yana floraidi nyingi. Angalia meno ya kahawia ya watoto waliokulia hapa. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Tangi la lita 10,000 lingemeza milimita 40 za mapaa yangu yote, na wapangaji wakapata maji ya kupikia. Ila tangi lililojaa halizuii kitu mvua ya pili ikija, kwa hiyo punguzo lisiwe la kuwa na tangi pekee. Liwe la tangi lenye nafasi ya juu inayoachwa wazi msimu wa mvua, na mkaguzi aje Aprili, asije Januari.

Mitaro tutaihitaji bado. Yote inaishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka, na ambalo limepanda miaka hii hadi likameza lango kuu la zamani la mbuga. Sisemi kabro yangu ndiyo iliyolijaza. Mvua ya milimani ina sehemu kubwa zaidi. Lakini mafuta machafu ya gereji na chupa za plastiki hazitoki milimani.

Pesa je? Zikiingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na zingine, hatutaziona tena, na hapo nami nitakuwa wa kwanza kukataa kulipa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inakupa wewe uwezo wa kuanzisha mfuko maalumu, kamati tendaji ya kaunti na bunge la kaunti wakikubali. Ndiyo sababu barua hii imekuja kwako, haikwenda kwa mhandisi. Uwe mfuko wa mitaro na kalvati, basi.

Nimejipigia bili. Tuseme ada ni shilingi 10 kwa kila mita ya mraba iliyozibwa, kwa mwaka. Mimi ni mita 430, hivyo Sh4,300. Nikiwasukumia wapangaji 12, na sina shaka wenye nyumba watafanya hivyo, ni kama Sh30 kwa mwezi kila chumba. Tangi likikubaliwa kwa upande wa mapaa, nabaki na Sh2,000 za kabro. Nikizing'oa nusu nipande nyasi, Sh1,000. Nimeshaanza upande wa lango.

Kabla ya kunipimia mimi, tafadhali pimeni uwanja ambao kaunti yenyewe inaegesha magari yake. Bili yake muibandike mlangoni, tuisome tukipita.

Wako,
Mwenye ploti, chini ya Menengai