Barua kwa mwanangu anayeanza kuwalea wasanii chipukizi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako mmepata fungu la fedha la kuwasaidia wachoraji wanaoanza, na kwamba tayari mnapanga maonyesho ya kuwatambulisha. Maonyesho ni mazuri, ila naomba yasitangulie. Msanii chipukizi huanguka mara nyingi baada ya kusifiwa, si kabla: picha zinanunuliwa, naye kila akiuza anapata hasara asiyoiona, kwa kuwa bei aliibuni tu. Anzeni na bei.

Kaeni na kila mmoja peke yake, kalamu mkononi. Aandike matumizi yake ya mwaka mzima: chakula, pango la nyumba na la studio, nauli, simu, matibabu, kodi ya mapato. Kisha ahesabu saa. Mwaka una wiki 52. Toa 8 za maradhi, mapumziko na dharura, zinabaki 44. Kwa saa 40 kila wiki anapata saa 1,760, lakini karibu nusu yake huliwa na kujibu barua, kupiga picha kazi zake, kufungasha, kusafirisha na kuandika maombi. Za kuchora ni kama 880. Tuseme matumizi yake ni 8,800 kwa fedha yoyote ile: kila saa ya kuchora lazima imrudishie 10. Picha iliyomchukua saa 30 na kula vifaa vya 60 imemgharimu 360, na hapo bado hajaweka faida.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengi wanateleza. Nyumba nyingi za sanaa, yaani zinazoonyesha na kumuuzia msanii picha zake, huchukua nusu ya bei ya mauzo. Msanii akisikia hivyo huongeza asilimia 50 juu ya 360, anaandika 540. Picha ikinunuliwa anapewa 270, na furaha ya kuuza inamficha kwamba amepoteza 90. Ili abaki na 360 yake, bei lazima iwe 720. Na iwe 720 hata mteja akimfuata studioni. Akishusha bei kwa siri, habari itafika, na aliyelipa 720 atajiona amepunjwa.

Kwa kazi za ukubwa tofauti, wasipange bei kwa eneo. Picha ya sentimita 40 kwa 50 ina eneo la 2,000. Ya 80 kwa 100 ina 8,000, basi bei inaruka mara nne wakati kazi haikuongezeka kiasi hicho. Bora wajumlishe urefu na upana: 90 na 180, bei mara mbili. Hesabu ya saa ibaki kuwa sakafu ambayo bei haishuki chini yake.

Baada ya bei ni mkataba. Picha zinazopelekwa kuuzwa kwa niaba ya msanii ziorodheshwe moja moja, kila moja na bei yake, na karatasi iseme: asilimia ngapi inakatwa, punguzo la mteja linabebwa na nani, nani anagharimia usafiri, nani analipa picha ikichanika, fedha zinatolewa ndani ya siku 30 tangu mauzo, na zisizouzwa zinarudi baada ya miezi 6. Bila tarehe hiyo ya mwisho, picha hukaa stoo ya watu miaka. Kwa kazi ya kuagizwa, apokee theluthi hadi nusu kabla ya kugusa brashi, mteja aidhinishe mchoro wa awali kwa maandishi, marekebisho yawe mawili tu na ya tatu yalipiwe, salio limalizwe kabla ya kukabidhi. Idadi ya marekebisho isipoandikwa, mteja ataendelea kubadili mawazo, na kila badiliko ni saa zisizolipwa.

Wafundisheni pia kwamba kuuza picha si kuuza hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake unazitaka nchi wanachama zilinde kazi bila sharti la usajili, kwa kawaida kwa uhai wote wa msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Anayetaka kuichapa picha kwenye fulana au jalada la kitabu aombe leseni, nayo itaje matumizi gani, nchi zipi, nakala ngapi, muda gani. Ukiona neno “haki zote” kwenye karatasi ya kampuni, likateni au bei ipande sana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kazi ipewe namba, jina, mwaka, vifaa, vipimo, ilipo, aliyeinunua na bei. Ipigwe picha kabla haijatoka studioni: taa mbili zinazofanana, kila moja kwa nyuzi 45 upande wake, kamera ikiwa sambamba na kazi, mbele ya katikati yake. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, upande wa sentimita 30 unahitaji pikseli zipatazo 3,540. Picha ya simu iliyopita kwenye ujumbe hubanwa na haifai tena.

Kuhusu fungu lenyewe, mimi ningechukua wasanii wachache kwa miezi 18 kuliko wengi kwa wiki sita. Walipeni kwa awamu zenye tarehe zinazojulikana, na awamu ya kwanza iende siku ya kusaini, kwa sababu vifaa hununuliwa mwanzoni. Miezi sita ya mwisho mpunguze malipo kidogo kidogo, wapate kujipima mngali karibu. Tengeni fedha za kulipia muda wa msanii anapoonyesha au kufundisha. Asiambiwe kwamba kujulikana ndiyo malipo. Msichukue picha zao kama fidia ya ruzuku. Na mwenye ajira ya nusu siku msimwone hajajitolea: mshahara huo ndio unaompa nguvu ya kukataa mkataba mbovu.

Kipato cha sanaa huja kwa mafuriko na ukame, kwa hiyo kila mauzo yakiingia, kwanza itengwe kodi ya mapato, kisha akiba, mpaka ifikie matumizi ya miezi mitatu.

Kabla hamjawasainisha wasanii hao, nitumie rasimu ya mkataba wenu niisome. Nitaanza na kifungu cha malipo.

Akupendaye,
Mama yako