Wanetu mlioko mbali, Idi Mosi msijitese

Assalam alaykum wanangu na wajukuu zangu, nyie mliozaliwa huku Tanga, Ngamiani, Makorora, Chumbageni mkatawanyika Dar, Dodoma, Mwanza na wengine Ulaya, na nyie wazee wenzangu mnaokaa barazani kuhesabu nani kaja nani hajaja, barua hii ni yenu wote.

Ile Idi yetu ya ukoo mzima kulala nyumba moja, mikeka imetandikwa mpaka ukumbini, asubuhi wanaume wanatoka pamoja kwenda kusali wakirudi masinia yashapangwa, jamani tuiache. Ilikuwa tamu mno hilo sibishi, lakini enzi hizo ukoo wenyewe ulikuwa mitaa miwili mitatu, mtu anatoka barabara ya kumi anaenda ya kumi na tano kwa miguu yake, kafika.

Saivi serikali inatoa siku mbili tu, Idi Mosi na Idi Pili, na mpaka usiku ule Mufti atangaze hamjui kama mnafunga 29 au 30. Mwaka 2024 iliangukia Jumatano tarehe 10 Aprili, mtu wa Dar ana kilomita kama 350 za kupita Chalinze na Segera, anafika hoi, anakula, anasinzia, Alhamisi anageuza maana Ijumaa yuko kazini, na nauli yenyewe ya watu watano kakopa. Hiyo sikukuu gani?

Halafu wakwe zetu. Binti wa watu anakesha jikoni kwetu, anakuna nazi, anakaanga tambi anazigeuza geuza zisiungue, zikishika rangi ndio anatia maji na sukari na hiliki, asubuhi wenzie wananukia udi yeye ananuka moshi. Na yeye ana mama yake anamngoja, nani kamuuliza?

Vya dini havina mjadala. Zaka ya fitri itoke kabla ya swala, na huko mliko maskini wapo. Kula tende, leta takbira, kasali na majirani zako. Kuunga udugu nako ni amri, ila hakuna aliyesema lazima kuungwe Idi Mosi saa nne asubuhi, hiyo tuliweka sisi wenyewe kwa sababu ilitufaa.

Mie naona tukutane Jumamosi moja ndani ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mnaichagua mapema, tiketi mnakata mapema, wanaofunga zile siku sita za sunna wanajipanga. Kila nyumba ije na chakula chake kimoja, na pilau wapike wanaume, mbona kwenye shughuli masufuria makubwa wanayasimamia wao. Jioni watoto wakaogelee Raskazone. Na Idi Mosi yenyewe pigeni simu ya video kwa wazee kwanza ndio mrushe mapicha yenu.

Kitu kimoja tu sikiachii, mkono wa Idi. Msiutume kwa simu kwenda kwa baba yake. Mtoto aje, aseme shikamoo, apewe noti mkononi na babu yake amuone alivyorefuka, hata kama ni hiyo Jumamosi ya baadaye.

Wazee wenzangu, mtoto akisema Idi Mosi hataweza tusimjibu "mwakani hutanikuta". Maneno hayo yanampandisha mtu basi na mtoto ana homa. Tunawapenda, basi tuwape nafasi, wakija waje wamelala na wana la kutuhadithia.

Na msidhani mambo yatakuwa mepesi huko mbele, Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ishatoka Aprili inaingia Machi inaelekea Februari, watoto wako madarasani. Kwa hiyo ulizaneni huko kwenye magrupu ya familia Jumamosi ipi inawafaa wengi, na wa pilau ajitaje mapema nyama itafutwe.