Kabla hujaondoka kwenda kutunza sokwe

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponitumia picha ya yule sokwe wa huko unakokwenda, silali vizuri. Umeandika kwamba anakuchekea, ameshakupenda. Hebu itazame tena. Midomo imevutwa nyuma, meno ya juu na ya chini yote yako nje. Huyo hacheki, anaogopa. Sokwe anayecheza hulegeza taya, mdomo ukabaki wazi, na meno ya juu hufunikwa na mdomo. Wewe uliyesomea wanyama unayajua haya kuliko mimi, ndiyo maana nimeumia.

Najua hadithi za Sungura mjanja na Fisi mlafi ulizisikia kwangu. Zilikuwa za kukulaza. Kazini zisikuongoze.

Usidhani nakukataza kuwapenda. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanza kazi Gombe mwaka 1960 aliwapa sokwe majina, mmoja akamwita David Greybeard, na wataalamu walimlaumu kwamba ilimpasa awape namba. Mimi naona alifanya vyema, kwa kuwa aliona kila mmoja ana tabia yake. Lakini hata yeye alikuwa akiamini sokwe ni wapole kuliko sisi, mpaka kati ya 1974 na 1978 kundi la sokwe wa Kasakela, hukohuko Gombe, lilipowawinda wenzao wa Kahama waliojitenga nao na kuwaua. Wanyama ni walewale, wenye majina yaleyale. Kwa hiyo mpe jina umtakaye, ila nywele zikimsimama usisubiri akumbuke kwamba wewe ni rafiki yake.

Tumeumbwa kujiona wenyewe katika kila kitu, sikulaumu peke yako. Xenophanes, Mgiriki wa kale, alisema ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono wangechora miungu yenye miili ya ng'ombe na farasi. Baba yako huibembeleza pikipiki ikikataa kuwaka, na hakuna anayedhurika. Kwa kiumbe chenye uhai ni tofauti, kwa sababu ukimvika moyo wako hutauona wake. Mwaka 2009 mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz, aliwachunguza mbwa tunaosema wana sura ya hatia. Sura ile ilitokana na kukaripiwa na mwenye mbwa, hata kwa mbwa ambaye hakuwa amekula kitu alichokatazwa. Fikiria ni wangapi wamepigwa kwa kosa ambalo hawakulifanya, kisa sura.

Najivunia wewe, na majirani wote wameshachoka kunisikia nikikutaja. Lakini una haraka ya kuamini. Ulikuwa hivyo hata kwa watu, na sikukuonya mapema kwa kuwa nilipenda kuona moyo wako ulivyo mweupe. Basi siku ya kwanza simama nyuma ya wale wenye uzoefu, uwaulize kila sura ina maana gani, uandike. Akifunua meno, uliza. Usijibu kwa kufunua yako.

Viatu vya mvua nimevipaki chini kabisa ya begi, usivitoe ili kupata nafasi ya vitabu. Hati ya chanjo iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti. Mdogo wako anataka kuhamia chumbani kwako, kitanda chake kimevunjika mguu na fundi hajaja. Nijibu kabla ya Jumapili, na picha ile uniambie umeitazama.

Mama yako