Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mnapima maji yetu, pimeni na miguu ya watoto

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Maji ya Chai, Arumeru. Huku kwetu mtu akicheka unajua alikokulia, kwa meno ya kahawia. Tumeyazoea. Ninalokuandikia leo ni miguu.

Wapo watoto wenye matege na wengine magoti yanagongana, na hawakuzaliwa hivyo. Walitembea vizuri, mifupa ikapinda kadiri walivyokua. Kinachotia meno kahawia na kupinda mifupa ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye chemchemi zetu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na vipo vyanzo vya huku vinavyopita hapo. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yakipungua sufuriani yenyewe inakolea. Hata magadi tunayolainishia makande huwa nayo.

Floraidi hujijenga ndani ya mfupa wenyewe. Kwenye eksirei mfupa huonekana mzito, kumbe umekuwa mwepesi kuvunjika. Kwa mtu mzima mgongo na shingo hukakamaa. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, maana mfupa unaokua hushika floraidi nyingi kuliko uliokomaa, na akikosa kalsiamu ya kutosha hali huzidi.

Kituo cha Ngurdoto kimehangaika miaka mingi na kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nasi tunashukuru. Lakini ninachokiona kijijini ni watu wa kuchukua maji kwenye chupa na kutazama meno. Miguu imeachiwa familia.

Naomba Wizara yako iagize utafiti wa mifupa, NIMR, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na madaktari wa mifupa wa hospitali ya KCMC pale Moshi na ya Mount Meru pale Arusha. Usiwe wa kupita siku moja. Watoto walewale wafuatiliwe tangu kliniki hadi wamalize shule ya msingi, na maji wanayokunywa yapimwe pamoja nao. Pa kuanzia hapahitaji mashine: mtoto asimame vifundo vikiwa pamoja, nesi apime nafasi kati ya magoti kwa futi ya fundi cherehani, aandike kwenye kadi. Matege ya mtoto mdogo ni ya kawaida na mara nyingi hunyooka anapofikia miaka 2. Anayebaki nayo baada ya miaka 3 apigwe picha, apimwe floraidi kwenye mkojo, na aangaliwe pia kama ni upungufu wa vitamini D.

Kuna na waliofanyiwa upasuaji. Mfupa unakatwa, unawekwa sawa, unasubiriwa uunge, kisha mtoto anarudi nyumbani kwenye bomba lilelile. Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Mifupa ya watoto hawa inaunga kwa muda gani? Vidonda vinafunga vizuri? Wangapi wanapinda tena? Mzazi anayeuza ng'ombe kumnyoosha mwanawe ana haki ya kujibiwa kabla hajatia saini.

Majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na kila mzazi apewe ya mtoto wake mkononi. Na wakati utafiti unaendelea, zungumza na mwenzako wa Wizara ya Maji ili shule zetu za msingi zipate maji salama ya kunywa tangu muhula ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Maji ya Chai