Semina za ukatili wa kijinsia zishuke vijiweni, vijana wapo huko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii kampeni ya kupinga ukatili kwa wanawake na watoto wa kike. Kila mwaka kuanzia Novemba 25 mpaka Desemba 10 tunaona mabango, tisheti, maandamano, viongozi wanahutubia, na mimi sipingi hata kidogo, ila ukiangalia waliokaa kwenye viti ni wamama, wanafunzi wa kike waliotolewa darasani, watumishi, na wazee wa mila wawili watatu pale mbele. Vijana wa kiume hawapo. Wenyewe wako kijiweni, wako kwenye vibanda umiza wanaangalia mpira, wako stendi, wako gereji kule Unga Limited hapa Arusha, na hao ndo tunaowahitaji kwenye hii kazi.

Mi ni fundi cherehani huku Kwa Mrombo, nashona zaidi sare za shule, na fremu yangu imetazamana na kijiwe cha bodaboda, mlango uko wazi tangu asubuhi kwa hiyo mazungumzo yao nayasikia yote nitake nisitake. Wengi ni vijana wazuri, nasema hivyo toka moyoni, ndo hao hao wananibebea majora ya kitambaa kutoka mjini na hakuna hata siku moja limepotea, mwenzao akifiwa wanachanga, mama mjamzito akishikwa uchungu usiku wa manane anapigiwa kijana wa kijiweni na anakuja. Lakini ikifika saa nane saa tisa wanafunzi wanapotoka shule mazungumzo yanabadilika. "Yule si yule wa form two? Kashakua." "Mpe lifti wiki mbili, chipsi mayai, kwisha habari." Halafu kicheko.

Siku moja kijana mmoja, tena mdogo kuliko wote pale, akawaambia oya acheni bana, yule mtoto anasoma na mdogo wangu. Wakamgeukia wote. We chalii vipi, umeokoka? Au we ndo unamtaka? Akanyamaza, akavaa helmeti akawasha pikipiki akaenda. Nimemfikiria sana yule kijana, maana alisema kitu sahihi na alikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo, lakini alikuwa peke yake, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamwambia wenzio wakikucheka ujibu nini, au umtafute nani kati yao akuunge mkono kabla hujaongea. Semina zote zinazofanyika mjini hapa hakuna iliyomfikia yeye, na yeye ndo yuko pale lifti inapotolewa.

Tusidanganyane kwamba vijana hawajui sheria. Wanaijua vizuri sana. Tangu 1998 kuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, msichana chini ya miaka 18 hata akisema ndiyo bado ni kubaka, na 2016 ikabadilishwa Sheria ya Elimu, ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Pale kijiweni "miaka thelathini hiyo" imekuwa utani wao wa kila siku. Hofu ya jela inamfundisha mtu kujificha, haimfundishi kumuona yule mtoto kama mtu, na tena wanajua jinsi mambo yanavyoishia, kwamba mara nyingi wazazi wa pande mbili watakaa, italetwa hela au mbuzi, watamalizana nyumbani, na binti ataambiwa anyamaze asiitie familia aibu. Kijana akiona mwenzake kapita hivyo mara mbili mara tatu, hiyo sheria itamtisha saa ngapi?

Na hapa naomba niseme kitu kinachoniuma. Kazi kubwa tunayofanya ni kuwafundisha wasichana. Usipokee zawadi, usipande pikipiki, usitembee usiku, vaa vizuri. Wanangu wa kike nimewaambia hayo yote na nitaendelea kuwaambia. Lakini binti anayetoka huku mpaka shule anatembea karibu saa nzima, asubuhi bado giza, vifodi, zile daladala ndogo za huku, wanafunzi hawawataki kwa sababu nauli yao ni ndogo, konda anamsukuma pembeni apakie mtu mzima, sasa huyu mtoto pikipiki ikisimama mbele yake ikamwambia panda nikusogeze utamlaumu yeye? Mzigo wote wa kuzuia ukatili tumembebesha anayefanyiwa. Anayefanya hatujakaa naye hata nusu saa.

Takwimu zinaonyesha kwamba hali inaweza kubadilika. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wameshapigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili tangu wafikishe miaka 15, na ule wa 2022 ikaonekana ni asilimia 27. Imeshuka na tushukuru. Lakini asilimia 27 bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne, simama foleni ya maji hapa mtaani uhesabu mwenyewe. Na kwa watoto, utafiti wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana ni kama mmoja kati ya 7. Huyo mmoja kati ya 7 hatumzungumzii kabisa. Kwenye kijiwe cha vijana ishirini wapo wawili watatu wamebeba kitu hawajawahi kumwambia mtu, na siku ukienda kukaa nao uwe tayari kusikia na hayo, usiende na kidole cha lawama tu kana kwamba kila mwenye pikipiki ni mbakaji.

Sasa nini kifanyike. Kijiwe kina uongozi. Watu wengi hawajui hili, wanadhani ni vijana wamekaa tu. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina, kuna daftari, kuna michango ya msiba, na kuna faini. Ukigombana na abiria faini, ukimpita mwenzako kwenye foleni faini, ukiendesha umelewa unasimamishwa siku kadhaa na hakuna wa kukutetea. Sheria zao wanazifuata kuliko hata za trafiki kwa sababu wamezitunga wenyewe na anayezisimamia ni mtu anayewaona kila siku. Kwenye hizo sheria hakuna hata moja inayohusu mwanafunzi. Niliwahi kumuuliza mwenyekiti wao mbona hamna, akafikiria kidogo akasema mama, hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Sasa kweli unaandaa mpango wa kubadilisha vijana hujawahi hata kuwauliza wanaishije, ni sawa na kukata kitambaa mteja hujampima.

Kwa hiyo naomba Jiji la Arusha, maafisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, na wale askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, waende wakakae na hawa viongozi wa vijiwe, wasiwaite ukumbini, waende pale pale. Wakubaliane na vijana wenyewe, kwa maneno yao, lifti kwa mwanafunzi ikoje na mwisho wake wapi, mwenzetu akionekana anamfuatilia mtoto wa shule tunamfanyaje, nani anamwambia. Wakishatunga wenyewe, yule kijana mdogo akisema acheni bana hatakuwa peke yake, atakuwa anasema sheria ya kijiwe.

Na isiwe mara moja. Nilisoma kuhusu mradi wa SASA! kule Kampala, ambao matokeo yake yalitoka 2014, wale hawakutegemea semina ya siku moja na posho, walichukua watu wa kawaida wa mtaani wakawa wanaongea na majirani zao kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, sokoni, kijiweni, nyumbani, na ilipopimwa wakakuta kwenye mitaa iliyofikiwa wanawake waliopigwa na wenza wao ndani ya mwaka ni pungufu kwa asilimia 52 kuliko mitaa mingine. Kampala sio mbali, maisha yao na yetu yanafanana, vijiwe vya boda vimejaa kule kuliko hata huku. Marekani nako, Sacramento, waliwatumia makocha wa michezo mashuleni, kila wiki kocha anaongea na wachezaji wake dakika chache tu kuhusu kumheshimu msichana, na matokeo ya 2012 yalionyesha wale vijana walikuwa wepesi zaidi kumzuia mwenzao anapofanya ujinga. Arusha tuna timu za mitaa kila kona, Sombetini, Ngarenaro, Kaloleni, Sakina, na kocha wa timu ya mtaa vijana wanamsikiliza kuliko baba zao, akisema leo hukimbii vizuri hauchezi basi huchezi. Akisema pia leo umemtukana binti wa watu pale getini kwa hiyo unakaa benchi, nadhani ujumbe utafika.

Kuna hili la simu nalo. Vijana wetu sasa ukatili wanaufanya bila hata kumgusa mtu. Video ya msichana inavuja, kwenye magrupu wanaita koneksheni, dakika kumi imeshafika Moshi, Babati, Dar. Agosti 2024 ilisambaa ile video ya binti aliyefanyiwa unyama na kundi la vijana, kesi ikasikilizwa Dodoma na mwisho wa Septemba wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Nchi nzima ilikasirika, lakini ile video ilifika kwenye simu za watu kwa kurushwa mkono kwa mkono, na waliorusha ni maelfu, wengi walirusha huku wanaandika "jamani dunia imeisha". Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, ila mi sitaki kuongelea sheria tena, nataka kijana ajue kwamba kuifuta ile video na kumwambia aliyeituma acha ni kitu kinachowezekana saa hiyo hiyo, hakihitaji cheo wala semina. Kuna mabinti wa kweli wanaoacha shule kwa sababu ya hizo video. Sare nimewashonea, kwa hiyo najua nani harudi kuja kuongezewa pindo.

Vijana pia wafundishwe cha kufanya likishatokea, maana mara nyingi anayejua wa kwanza ni rafiki, sio mzazi. Binti akibakwa asioge, nguo zake asizifue, apelekwe hospitali haraka kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na kadiri anavyowahi ndo vizuri zaidi. Kuna vituo vya mkono kwa mkono kwenye baadhi ya hospitali, daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta sehemu moja. Kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure. Bodaboda ndo mtu wa kwanza kumpakia huyo binti usiku, hebu fikiria kama kila bodaboda angeyajua haya na akajua kabisa hospitali ipi ampeleke, badala ya kumrudisha nyumbani kimya kimya kwa sababu kaombwa asiseme.

Na ndugu zangu wa Ngaramtoni, Monduli na Longido nisiwasahau, maana kwetu huku ukeketaji bado upo, utafiti ule wa 2015-16 uliweka mkoa wa Arusha kwenye asilimia 41 ya wanawake wakati taifa zima ilikuwa 10. Miaka yote tumewahimiza mangariba waache, na siku hizi wengine wanakeketa vitoto vichanga ili isijulikane. Kwa maoni yangu mwenye ufunguo ni morani, yule kijana wa Kimaasai. Mama anamkeketa binti akihofia hataolewa, sasa muoaji ni nani kama sio yule kijana? Rika la vijana lina kiongozi wake, laigwanani wao, na wanakaa vikao vyao. Rika zima likisimama likasema sisi tutaoa wasiokeketwa, na likasema mbele ya wazazi, hiyo hofu ya mama itabaki kwenye nini. Wapo vijana wameshaanza kusema hivyo mmoja mmoja, ila mmoja mmoja ni kama yule wa kijiweni kwangu, anachekwa ananyamaza.

Mwisho kuhusu hela, kwa sababu najua nitaambiwa bajeti hakuna. Halmashauri zinatoa ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana vinavyoomba, vya bodaboda vikiwemo, lazima vilete katiba na vinapewa mafunzo kabla ya kupata hela. Mafunzo hayo ni ya biashara na marejesho. Waongezewe somo moja la hili jambo, na katiba ya kikundi iwe na kipengele kuhusu ukatili kwa wanawake na wanafunzi kilichoandikwa na wanakikundi wenyewe. Hapo hujaongeza hata shilingi ya ukumbi.

Wakija huku kwetu waje kati ya saa nne asubuhi na saa sita, muda huo abiria hamna na vijana wote wako chini ya ule mti. Viti nitatoa mimi, ninavyo sita, na mama wa chai jirani yangu ameshasema ataongeza benchi lake.

Wenu,
Fundi wa sare za shule, Kwa Mrombo, Arusha